Umechora sikukuu

Picha niliyoipenda kuliko zote nilizowahi kuchora ilikuwa na upana wa mita moja na nusu. Niliichora juu ya gunia la katani nililolivuta kwenye fremu ya mbao, nikalipaka gundi na chokaa mpaka likakubali rangi. Ilionyesha ukumbi wa kusokotea kamba wa kiwanda alichofanyia kazi baba yangu hapa Tanga: bati zimetoboka, jua linashuka kwenye matundu kama nguzo, mashine zimeshika kutu, na katikati ya sakafu umeota mkuyu. Ile kutu peke yake ilinichukua wiki mbili. Nilichanganya nyekundu na kahawia na rangi ya machungwa mpaka nikaipata, nikajiona nimefika.

Hiyo ni 2011. Kabla ya kuipeleka kwenye maonyesho nilimwomba baba aje aione. Alikuja na baiskeli yake kutoka Ngamiani, akaiegemeza ukutani, akaingia, akasimama mbele ya picha mikono ameifunga nyuma. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaniuliza, kwa ile sauti yake ya juu inayofanya watu wadhani anagomba:

"Mama, mbona umechora sikukuu?"

Sikumwelewa.

"Ukumbi huu haukuwa mtupu ila Idi, Krismasi na Mei Mosi. Hata saa nane za usiku ulikuwa na watu. Wewe umeuchora siku ya sikukuu."

Akasogea, akaweka kidole kwenye kona ya kushoto, pale nilipopaka kivuli tu, akaanza kuwapanga. Hapa mlangoni alikaa wa kupima marobota. Hapa mashine ya kuchana nyuzi, wanawake wawili, mmoja Mbondei wa Muheza, mwenziwe wa Duga. Hapa anapita mtu wa mafuta na kopo lake. Hapa kijana aliyekatwa vidole viwili akarudi kazini kidonda hakijakauka vizuri. Kidole cha baba kikafika kwenye kile kipande cha kutu nilichokipenda kuliko vyote.

"Hapa mimi. Miaka 19."

Picha ile sikuipeleka. Ninayo mpaka leo, imegeuzwa uso kuelekea ukuta. Ninaandika haya kwa sababu kila mwaka nakutana na vijana wa sanaa, wenye vipaji kunizidi, wanaoingia kwenye magofu ya viwanda vyetu na simu na brashi zao na kutoka na picha nzuri sana za sikukuu. Nami nilikuwa hivyohivyo.

Baba aliingia kiwandani 1974. Mkonge ulikuwa umeshaanza kuteleza wakati huo, ila kijana anayepewa buti mpya na kitambulisho chenye picha haoni mteremko. Kwao mkonge ulikuwa umeanza zamani. Babu, mzaa baba, alikuja kutoka Songea akiwa manamba, mmoja wa wale waliokusanywa na ofisi ya Silabu na kupakiwa kwa magari mpaka mashambani, mtu akaitwa kwa namba yake kabla ya jina lake. Tanga husifiwa kuwa ni ya waja leo waondoka leo. Babu alikuja leo na akazikwa hapa.

Na huo mkonge wenyewe ni mgeni. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vipando 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, mwaka uleule ujenzi wa reli ulipoanza hapa Tanga. Vilivyobaki hai na kupandwa Kikogwe, upande wa Pangani, vilikuwa 62. Kutoka kwenye hivyo 62 yakatoka mashamba ambayo gari moshi lilikuwa likiyapita saa nzima bila kuona mti mwingine. Mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 230,000 za katani, hakuna nchi nyingine duniani iliyotufikia. Sehemu kubwa ilikwenda Ulaya na Marekani kufungia majani makavu ya ng'ombe. Baba alilijua hilo amezeeka tayari, mimi ndiye niliyemsomea. Alitikisa kichwa akasema, "Kumbe tulikuwa tunawafungia ng'ombe chakula." Alisema kwa heshima, kama mtu aliyeambiwa barua yake ya zamani ilifika.

Kisha zikaja kamba za plastiki, zitokanazo na mafuta ya petroli, ambazo sisi wote tunaziita nailoni. Bei ya katani ikaanguka. Mwaka 1967 mashamba mengi yakawa mali ya umma, na barazani wazee wanabishana hadi leo kama kilichoua ni siasa au ni nailoni. Mimi nimesikiliza pande zote mbili kwa miaka na naona kila upande una haki yake, ila mkono wa nailoni ulikuwa mrefu zaidi, kwa sababu uliwafikia hata wenye mashamba nchi nyingine ambako hakuna aliyetaifishwa. Ilipofika 2000 tulikuwa tunatoa kama tani 20,000. Gawanya mwenyewe, uone ni nyumba ngapi zimo kwenye hesabu hiyo.

Yetu ni moja. Baba alipunguzwa kazini 1993. Nilikuwa na miaka 9, ninafua sare yangu uani, nikamwona anaingia saa nne asubuhi. Baba hakuwa mtu wa kurudi saa nne. Alikuwa na buti zake mkononi, amezifunga kwa kamba, akazitundika kwenye msumari ulio nyuma ya mlango, akalala. Zile buti zilikaa pale mpaka panya wakazitoboa, na hakuna aliyethubutu kuziondoa.

Kuanzia siku ile nyumba yetu ilikuwa na neno moja: kiinua mgongo. Kiinua mgongo kikija tutaezeka. Kiinua mgongo kikija dada atakwenda sekondari. Nami kwa akili ya mtoto nililichukua neno kama lilivyo. Mgongo wa baba ulikuwa umepinda kidogo upande wa kulia, kwa sababu mashine yake ilikuwa fupi kwa kimo chake na aliiinamia upande huohuo zamu baada ya zamu. Niliamini kwa dhati kuna kitu kitaletwa, pengine kwa gari, kije kimnyooshe. Kikaja kwa mafungu, fungu la mwisho bei zilikuwa zimeshapanda likatosha bati nane. Mgongo uko vilevile. Siku niliyoelewa kuwa ni pesa tu nililia, na mama alidhani nimeumwa na siafu.

Huo ndio uliokuwa ujuzi wangu, nami nikauacha nyumbani nilipokwenda Bagamoyo kusoma sanaa. Nilirudi najua mwanga, najua vivuli, najua namna ya kufanya ukuta uliobomoka upendeze. Nisidharau hayo, ndiyo yanayonilisha. Nimeandika mabango ya saluni na maduka nusu ya mji huu. Ila gofu ni kitu hatari kwa mchoraji. Linapendeza lenyewe. Hata usipojua lolote kuhusu watu waliotoka humo, picha itakuwa nzuri, na mnunuzi atasikia huzuni ya kumtosha yeye kuipeleka kwake na kuitundika juu ya kochi.

Wenzetu walishalipigia kelele jambo hili. Detroit, mji wa magari wa Marekani, ulikuwa na watu zaidi ya 1,800,000 mwaka 1950. Ilipofika 2010 walibaki kama 714,000. Wapiga picha wakamiminika kutoka kila pembe kupiga viwanda vitupu na nyumba zilizoota nyasi, na wenyeji wakawauliza: sisi tuliobaki mnatuonaje? Na ndani ya mji huohuo, kwenye kuta za jumba la sanaa, kuna picha kubwa za ukutani za Diego Rivera, mchoraji wa Meksiko, alizozichora 1932 na 1933, vipande 27, kiwanda cha magari kimejaa watu, migongo imeinama, mikono imeshika vyuma. Nilipoziona kwenye kitabu nilicheka peke yangu. Baba angeziridhia. Hakuna sikukuu mle.

Lakini aliyenifungua macho zaidi alikuwa jirani. Rafiki yangu mmoja wa Lubumbashi, huko Kongo, niliyekutana naye Bagamoyo wakati wa tamasha, alinionyesha picha za Sammy Baloji, mtu wa mji huohuo wao. Wao wana shaba kama sisi tulivyokuwa na mkonge. Kampuni ya Wabelgiji, Union Minière, ilianzishwa 1906. Mwaka 1967, uleule wa Azimio la Arusha, ikawa mali ya serikali, baadaye ikaitwa Gécamines. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ukaporomoka, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondolewa kwa mpigo, wengi wakiwa wameshakaa miezi na miezi bila mshahara. Baloji alipiga picha za rangi za migodi na majengo yaliyoachwa, kisha akazichukua picha za kale za wafanyakazi, zile nyeusi na nyeupe za enzi za Wabelgiji, akawakata na kuwasimamisha ndani ya magofu ya leo. Wanaume waliokwisha kufa wamesimama kwenye vumbi la jana, wanakutazama.

Rafiki yangu akaniambia kwa Kiswahili chake cha Katanga maneno niliyoyaandika siku ileile: kwetu watu wazima wakiona hizi picha wanatafuta baba zao ndani. Nikamkumbuka baba na kidole chake kwenye kutu.

Nikarudi Tanga nikaanza upya. Nilidhani kuanza upya ni kuwachora watu mahali pa mashine. Ingekuwa rahisi hivyo!

Kwanza sikuwa na picha za kale za kukata. Kiwanda chetu kilipofungwa makaratasi yalitupwa, mvua ikayala. Kilichokuwepo ni watu wenyewe, na kila alhamisi jioni baadhi yao hukutana kwenye baraza la nyumba moja barabara za ndani za Ngamiani, kahawa na kashata. Nikawa nakwenda na daftari. Shikamooni. Marahaba mwanetu, karibu, kaa. Na hapo nikaona kitu nilichoishi nacho utoto wote bila kukiona.

Wazee hawa wanaongea kwa mikono.

Ndani ya ukumbi wa kusokota mtu hasikii hata akipigiwa kelele sikioni. Kwa hiyo walijitungia ishara. Kidole kupita juu ya kiganja: uzi umekatika. Ngumi kuzungushwa: washa. Vidole viwili chini ya jicho: msimamizi anakuja. Vidole vitatu begani: zamu ijayo wameshafika. Kidole gumba kusugua cha shahada: leta mafuta. Kiwanda kilinyamaza 1993, masikio yao hayakurudi, na ishara zikabaki. Barazani wanazichanganya na maneno bila kujua. Msibani niliwahi kumwona mzee akimwonyesha mwenziwe, ng'ambo ya watu mia, kidole kupita juu ya kiganja, akielekeza macho kwenye jeneza. Uzi umekatika. Mwenziwe akaitikia kwa kichwa.

Mtaani watu husema wazee wa kiwanda ni wakali, wanapayuka. Ni uziwi. Mimi binti wa mmoja wao nilikuwa nimesema hivyohivyo, na nilikuwa nadhani baba ana tabia tu ya kusuguasugua vidole.

Nikaanza kuchora mikono. Mwaka mzima nilichora mikono tu, kwa mkaa, kwenye daftari, kisha kwenye hadibodi kwa rangi za baiskeli, zile za kung'aa alizotumia Edward Saidi Tingatinga. Nilipenda kumfikiria yeye wakati nafanya kazi hiyo, kwa sababu kabla ya Dar es Salaam na kabla ya ndege na chui waliompa jina, alipita kwenye mashamba ya mkonge ya mkoa huu akiwa kibarua. Sijawahi kuona picha yake ya korona, ile mashine ya kukamulia majani ya mkonge. Ningetoa kitu kikubwa kuiona.

Wazee walinisahihisha bila huruma. Kidole hiki kimekaa juu mno, hapo umesema kitu kingine. Mkono wa zamu unatoka kiunoni, hautoki begani. Kulikuwa na ugomvi wa wiki tatu juu ya ishara ya msimamizi, kwa sababu idara ya kuchana walitumia jicho la kushoto na idara ya kusokota la kulia, na kila upande ulishuhudia kuwa ndio wa asili. Nilichora yote mawili.

Sasa niseme makosa yangu, maana hayo ndiyo yaliyonifunza zaidi ya sifa.

Mzee mmoja alikuwa wa chumba cha brashi, kule ambako katani husuguliwa mpaka vumbi linasimama hewani kama ukungu. Kifua chake kilikuwa kimechoka, akiongea maneno matano anapumzika. Mimi nikaona hapa ndipo penye gharama yenyewe ya kiwanda, ngoja watu waione. Nikaomba ukuta mtaani kwao, nikamchora, mkono kifuani, mdomo wazi anatafuta hewa. Aliniruhusu mwenyewe. Nilichora siku nne na watu wakasimama kutazama, wengine wakatokwa machozi, nami nikafurahi kwamba kazi inafika.

Siku ya sita jioni binti yake akanijia. Alikuwa anauza maandazi asubuhi pale mlangoni. Tangu picha ipande, watu walikuwa wakisema mzee ana kifua kikuu, na maandazi yanarudi ndani beseni zima. Hakunifokea. Aliniuliza tu kama nilipokuwa naomba ruhusa nilimwomba baba yake peke yake, au niliwaomba wote wanaokula kwa ule mlango.

Nilikwenda usiku uleule na chokaa. Nilipaka mara tatu. Mzee alitoka akakaa kwenye kigoda akanimulikia kwa tochi mpaka nikamaliza, akasema nisijilaumu. Alifariki mwaka uliofuata. Ukuta ule ni mweupe mpaka leo, sitauchora tena.

Kosa la pili aliniambia bibi wa mashine ya kuchana, yule wa Duga. Nilikuwa nimeuza picha tatu za mikono kwa mgeni mmoja, mikono yake ikiwemo, na nilikwenda kumpa habari njema. Akanisikiliza. Akaniambia mashine zao zilivyobebwa, miaka mingi baada ya kufungwa, na watu wa vyuma chakavu. Walikuja na lori na mizani, wakapima mashine yake aliyoiendesha miaka 14, wakalipana wao kwa wao kwa kilo, wakaondoka. Yeye alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara na kapu lake la sokoni.

"Wale walikuja na mizani, mwanangu. Wewe umekuja na brashi. Mizani yako wewe iko wapi?"

Sikuwa na jibu, nikarudi nyumbani. Usiku sikulala. Alhamisi iliyofuata nilipeleka daftari la hesabu barazani na tukakubaliana mbele ya wote: picha ikiuzwa, theluthi ni ya mwenye mikono au warithi wake, na kila picha nyuma yake kuandikwe kazi aliyofanya na miaka yake. Daftari hilo anashika bibi mwenyewe. Nimewahi kusikia wasanii wakisema wanawapa watu hawa sauti. Maneno hayo yananikera. Sauti wanazo, tena za juu kuliko zetu sote. Walichokosa ni mtu wa kukaa chini na hesabu mkononi.

La tatu ni la mama, na hili linaniuma kuliko yote kwa sababu lilikuwa ndani ya nyumba. Nilifanya kazi hii karibu miaka miwili kabla ya kumchora mama. Alikuwa hajafanya kazi kiwandani, kwa hiyo nilimwona hayumo. Mpaka nilipoona picha za LaToya Ruby Frazier wa Braddock, mji mdogo Pennsylvania ambako Andrew Carnegie alianzisha kiwanda chake cha kwanza cha chuma cha pua, 1875. Mji uliokuwa na watu zaidi ya 20,000 mwaka 1920 umebaki na wasiofika 2,000. Na yeye alipiga picha za nani? Bibi yake. Mama yake. Yeye mwenyewe, kitandani, kwenye kochi, mbele ya kioo. Maradhi ya wale walioishi kando ya moshi, na hospitali ya mji iliyofungwa 2010 huku wao bado wanaumwa. Kiwanda kinaonekana dirishani kwa mbali. Aliyebaki na mzigo ndiye aliyekaa mbele.

Nikamtazama mama. Yeye ndiye aliyeamka saa tisa usiku kukuna nazi kuanzia wiki ileile ya 1993. Mihogo ya nazi, bajia, vitumbua, mpaka tukamaliza shule wote wanne. Vipuli vyake vya dhahabu vilikwenda kwa sonara vikawa ada ya dada. Baba alipopoteza kazi alipata huruma ya mtaa mzima. Mama alipata kazi ya pili na hakuna aliyempa pole. Nilimwomba nimchore. Akasema sawa, ila usinichore nimeshika mbuzi ya nazi, nimechoka nayo. Nilimchora amekaa, mikono mitupu juu ya magoti, khanga yake ya Idi. Baba alipoiona alisema, "Hii nayo sikukuu." Lakini safari hii alivuta kiti akakaa mbele yake.

Vijana siku hizi wanazungumza habari za bomba la mafuta la kutoka Uganda mpaka Chongoleani, hapa Tanga, na mkonge nao umeanza kupandwa tena kwa kasi. Nawaombea heri kwa moyo wote. Wazee wangu wanasikiliza, wanauliza swali moja tu, kama mikataba imeandikwa, kisha wanaendelea na kahawa.

Mwaka 2022 baba alipata kiharusi. Mkono wa kulia ukafa na kauli ikapotea kabisa. Tulimrudisha nyumbani kutoka hospitali tukamlaza chumba cha mbele, kwenye dirisha, apate kuwaona wapitao. Siku ya pili mkono wa kushoto ukaanza kusema.

Nilikuwa peke yangu naye. Ngumi ikazunguka polepole: washa. Nikawasha feni. Akafumba macho, akayafumbua. Nilikaa chini kwenye mkeka nikatetemeka. Ndugu zangu walikuwa wakimwandikia herufi kwenye karatasi na yeye hazioni tena vizuri, na mimi nilikuwa na madaftari saba ya lugha yake. Vidole vitatu vikinyanyuka kuelekea bega: nani anakuja kunibadilisha, zamu ya nani usiku huu? Nikamjibu kwa mkono wangu, kutoka kiunoni kama walivyonifunza: kaka.

Kuna moja tu iliyonishinda. Kidole gumba kusugua cha shahada. Mafuta. Nilimletea mafuta ya nazi nikamkanda miguu, akageuza uso ukutani. Nikajaribu ya mgando kwenye midomo iliyokauka. Akasugua tena, kwa nguvu, macho yananitazama kama mtu anayemwambia mwanagenzi jambo la wazi. Siku tatu mafuta, mafuta, mafuta. Mama akaleta hata samli.

Siku ya nne akaja kumjulia hali yule mzee wa kopo, mtu wa mafuta mwenyewe, kwa mkongojo na mjukuu wake. Shikamoo baba. Marahaba, mgonjwa hajambo? Alipoingia tu, baba akanyanyua mkono na kusugua vidole. Yule mzee akacheka mpaka akashika mlango.

"Huyu hataki mafuta," akasema. "Zamu ya usiku hakukuwa na ruhusa ya kuacha mashine. Mimi ndiye nilikuwa napita na makopo mawili. Moja la mafuta."

Nikaenda jikoni. Niliponda tangawizi, nikaweka sukari nyingi. Niliporudi yule mzee alikuwa ameshakaa kitandani ubavuni kwa baba, ameweka mkongojo chini. Akaipokea chai mkononi mwangu, akaipuliza, akaanza kumnywesha, kijiko kwa kijiko.